Koti la kusafiria kati ya Marseille na Leicester mwezi wa Desemba

Ndugu zangu, assalaam aleikum.

Dada yetu aliuliza kama koti moja linamtosha mtu atokaye Marseille kwenda Uingereza mwezi wa Desemba. Safari hiyo nimeifanya majira matatu ya baridi mfululizo, nikienda kumtembelea kaka yangu Leicester, na jibu langu ni kwamba linatosha, ila viatu ndivyo vya kuangaliwa.

Sisi watu wa pwani tukisikia kusini mwa Ufaransa tunadhani ni joto mwaka mzima. Upepo uitwao mistral, unaoteremka na bonde la mto Rhône kutokea kaskazini, ulinitoa ujinga huo mapema. Usiulinganishe na kaskazi yetu: huu huisafisha mbingu ikawa buluu tupu na jua likang'aa, hata ukichungulia dirishani unajiona unaweza kutoka na shati, kumbe ukifika kwenye kona ya barabara machozi yanakutoka. Leicester upepo hausumbui sana; kinachochosha ni manyunyu, nguo zisizokauka ndani ya nyumba, na giza linaloingia kabla ya saa kumi jioni, ilhali Marseille jua huzama yapata saa kumi na moja. Kwa hiyo chagua koti lisilopitisha upepo wala maji, sweta uvae ndani, na viatu visivyolowa.

Treni ya kasi ya TGV kutoka Saint-Charles, kituo cha Marseille, hadi kituo cha Gare de Lyon, Paris, huchukua saa tatu na kitu. Hapo panda treni ya mjini, RER D, vituo viwili tu, ushuke Gare du Nord, ambako utakaguliwa pasipoti na Wafaransa kisha Waingereza kabla ya kupanda Eurostar, treni iendayo London. Kibali cha kuishi Ufaransa hakikuingizi Uingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania lazima awe na viza yao. Eurostar hufika kituo cha St Pancras, London, na treni ya Leicester huondokea hapo hapo, huna haja ya kutoka mvuani.

Tangu Aprili 2025 Uingereza imewakataza wasafiri watokao Umoja wa Ulaya kuingiza nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, pamoja na maziwa na jibini, kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo. Sambusa za nyama nilizomkaangia kaka nilizimaliza mwenyewe njiani, na sikujuta.

---

Ahsante sana, kaka. Nami naongeza dogo: plagi za Uingereza ni zile zile za miguu mitatu tulizozizoea nyumbani, kwa hiyo atakayekuwa bado anayo chaja aliyokuja nayo kutoka Mombasa au Unguja aichukue, kwa sababu chaja ya Kifaransa haitaingia ukutani.