Nafunga masaa 16 kila siku, kilo haziondoki. Shida iko wapi?

BintiNkuhungu:
Wakuu habarini za jioni. Niko Dodoma hapa, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti ofisini kule Mtumba, natoka nyumbani alfajiri narudi giza limeshaingia, mazoezi ndo sisemi. Nina kilo 88 na mie ni mfupi. Nikaanza hii ya kufunga 16:8, yaani nakula kuanzia saa sita mchana mpaka saa mbili usiku, nje ya hapo maji tu na chai ya rangi isiyo na sukari. Mwanzoni zilishuka kilo kama tatu hivi nikashona na gauni kabisa, ila sa hivi mzani umeganda, haushuki haupandi, na njaa ya asubuhi naisikia vizuri tu. Mwenye uzoefu anisaidie jamani.

Kibuyu_cha_Asali:
Dada ukishafungua unakula nini? Kesi yote iko hapo. Taja bila kuficha.

BintiNkuhungu:
Haha sifichi. Saa sita kwa mama ntilie wali nyama maharage, siku nyingine chipsi mayai na soda. Saa kumi natafuna karanga mezani, zile za kwenye kifuko. Usiku ugali wa kushiba kwelikweli maana najua mpaka kesho mchana hakuna kitu. Jumamosi tunaenda Msalato mnadani, ila kule ni nyama choma tu, na nyama si haina wanga?

Mzee wa Makole:
Binti yangu, masaa unayatunza vizuri sana, ila unachokula kwenye hayo masaa nane ni chakula cha siku nzima na chenji inabaki. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Karanga gramu 100 ni kalori kama 570, na hizo unazimaliza huku unaandika barua wala hukumbuki umekula. Mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi, sasa nenda kasimame pale zinapokaangwa chipsi mayai uangalie yanamiminwa vijiko vingapi.
Wachina wa Guangzhou walilijaribu hili, majibu yakatoka 2022. Watu 139 wenye unene, mwaka mzima, wote wakapunguziwa kalori, ila nusu yao wakaambiwa pia wale ndani ya masaa nane tu. Waliobanwa masaa walipungua kilo 8 kwa wastani, wenzao 6.3, na kwa hesabu za kitaalamu tofauti hiyo haikutosha kusema masaa ndo yaliyosaidia. Kilichowapunguza wote ni sahani. Na zile kilo tatu zako za mwanzo, sehemu kubwa huwa ni maji.

chapa_mwendo:
Mzee nakupinga kidogo tu. Mie kufunga kumenisaidia, ila ni kwa sababu kulinikata bia na chipsi za saa nne usiku. Yeye nadhani saa hizo za usiku sana hakuwa anakula tangu zamani, kwahiyo alichokata ni chai ya asubuhi tu halafu anailipizia usiku kwenye ugali. Dada jaribu kugeuza, kula saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, usiku unalala.

BintiNkuhungu:
Saa kumi jioni niko ofisini bado, na nyumbani kuna watoto, nitawapikia nikae nawaangalia wanakula?? Hiyo siiwezi kaka, nisidanganye.

mama_pacha:
Shoga, hujasema kama unatumia uzazi wa mpango. Ile sindano ya miezi mitatu baadhi yetu inatunenepesha, waulize kliniki kama kuna njia nyingine, usiache kienyeji ukaja kutuletea mapacha kama mie 😂
La pili, wanaosoma hapa, kama unameza vidonge vya kisukari au unachoma insulini usianze kufunga kabla hujamwona daktari, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha wala asijaribu.
La usiku ni jepesi. Ugali punguza nusu, mlenda au mchicha jaza sahani, weka na maharage yasiyoungwa kwa mafuta mengi. Tumbo litajaa tu.

BintiNkuhungu:
Sindano natumia ndio!! Wala sikuwahi kuwaza huko. Wiki ijayo naenda kliniki. Soda naacha, karanga nitaziacha nyumbani. Sasa wakuu, na Msalato je?

Mzee wa Makole:
Nenda. Mbuzi asiye na mafuta, kachumbari, ndizi moja ya kuchoma, maji.

Kibuyu_cha_Asali:
Ndizi moja Msalato 😂 mzee huyu hajawahi kufika.

Mzee wa Makole:
Nimefika, ndo maana nimesema moja.