Kumbukumbu za visima virefu Unguja na Pemba: zipangwe vipi katika kanzidata moja?

mizani_ya_maji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mezani pana kumbukumbu za visima virefu 180 na ushei, vya Unguja na Pemba: karatasi za wachimbaji, faili za Excel za mikono mitatu tofauti, PDF zilizopigwa skani kombo, na usomaji wa VES (vipimo vya ukinzani wa umeme wa ardhi kwa kina). Zinatakiwa ziingie katika kanzidata moja, ofisi za Mjini (Unguja) na Chake Chake (Pemba) wazitumie kwa pamoja, ramani itoke QGIS (programu ya ramani).

Yaliyotukwamisha ni matatu. Visima kadhaa vinatokea baharini. Safu ya kina katika faili moja imejaa tarehe (6-Mar, 12-Sep). Na kuna visima vya uwandani (kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe) vinavyoonesha kimo cha maji "0", kitu ambacho hakiwezekani. Tuanzie wapi? Intaneti ya upande wa Pemba inakatika, hilo nalo lizingatiwe.

kamba_na_risasi

Wa alaykum salaam. Anzeni na koodineti, kwa sababu kisima kisichojulikana kilipo hakina faida hata matabaka yake yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Kisima kinachoelea baharini mara nyingi kina moja ya sababu hizi, na kila moja unaitambua kwa umbali kiliokwenda.

Kikisogea mita mia tatu hivi, ni datamu, yaani msingi ambao koodineti zimehesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani, na karatasi nyingi zilizonakiliwa kutoka humo, ziko kwenye Arc 1960, UTM kanda 37 kusini (EPSG:21037, ndio msimbo wa mfumo huo wa koodineti). GPS ya mkononi na simu zinatoa WGS 84 (EPSG:32737). Tarakimu zinafanana kabisa, hakuna wa kukushtua. Namba za Arc 1960 zikisomwa kama WGS 84, kisima kinahamia takriban mita 300 kaskazini na mita 95 magharibi ya mahali pake. Msijumlishe kwa mkono. Pakieni hizo peke yake kwa EPSG:21037, kisha mzihamishe kwa QGIS. Ikikuulizeni mageuzi yepi, chagueni ya Tanzania na muandike mumechagua ipi. Tofauti baina ya mageuzi moja na jengine ni mita chache tu, lakini mkichanganya mbili bila ya kuandika, baadae hamtaweza kuzitenganisha.

Kikisogea kilomita kadhaa, angalia dakika. Mtu ameandika 6°10.5' kama 6.105, wakati ni 6.175. Hapo pana karibu kilomita 8. Kikienda Ethiopia, mtu amesahau alama ya kusini. Kisipoonekana kabisa, easting na northing (namba ya mashariki na ya kaskazini, kwa mita) zimebadilishana nafasi.

Hayo mawili ya mwisho yanazuilika wakati wa kuingiza. Unguja easting iko baina ya 519,000 na 564,000, northing baina ya 9,283,000 na 9,369,000. Pemba easting ni 565,000 hadi 598,000, northing 9,393,000 hadi 9,463,000. Kanzidata ikatae chochote kilicho nje ya visanduku hivyo viwili. Datamu haitanaswa kwa njia hiyo, kwa hiyo linganisheni na picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, kazi iliyoanza 2016. Picha zake zimo OpenAerialMap, na kibanda cha pampu kinaonekana wazi.

Safu za asili zibaki kama zilivyoandikwa: namba, datamu iliyodaiwa, na chanzo. Koodineti iliyosahihishwa iwe na safu zake.

Halafu namba ya kisima. Msitegemee jina la kijiji. Kinyasini ipo Unguja na ipo Pemba, Kizimbani vilevile. Wekeni U-0001, P-0001, na namba ya kisima kilichofukiwa isipewe kisima chengine.

mwamba_mweupe

Naongezea kwenye matabaka.

Zile tarehe ni Excel. Mtu aliandika kina "3-6" katika seli moja, Excel ikaifanya 6 Machi. "9-12" ikawa 12 Septemba. "15-21" inabaki salama kwa sababu hakuna mwezi wa 15 wala wa 21, ndiyo maana mtaona matabaka ya juu yameharibika na ya chini yako sawa. Inarudishika: mwezi ni "toka", siku ni "hadi". Lakini kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Uingereza inageuza kinyume, kwa hiyo hakikisheni toka ni ndogo kuliko hadi, na tabaka linaanza pale lilipoishia la juu yake. Kuanzia sasa toka na hadi ziwe safu mbili, namba tupu, mita.

Majedwali sita yanatosha: kisima, tabaka, ujenzi (kesingi, yaani bomba la kushika ukuta wa kisima, paipu ya matundu, kokoto), kimo cha maji, ubora, jaribio la pampu. Yote yanafungwa kwa namba ya kisima. Kosa la kawaida ni kuweka kisima chote mstari mmoja, "tabaka1, tabaka2, tabaka3" mpaka 15. Kisima cha kumi na sita kikija mtu anaanza kuandika kwenye safu ya maelezo. Na safu ya maelezo ndiyo kaburi la data.

Kila tabaka liwe na safu mbili za maneno. Moja ni aliyoyaandika mchimbaji, neno kwa neno, hata kama ni "kinongo", "kinamo", "jiwe jeupe laini" au "mchanga unaonuka". Ya pili ni msimbo wa pamoja, usizidi kumi na mbili: chokaa ya matumbawe, chokaa yenye udongo, mchanga, mchanga wenye kinamo (udongo wa mfinyanzi), kinamo, na kadhalika. Ukifuta maneno ya asili ukabakisha msimbo, umeingiza tafsiri yako ndani ya ushahidi. Kesho mtu akitaka kutenganisha kinamo cha Miosini (zama za kale za kijiolojia) na udongo uliooza juu ya matumbawe, hana pa kurudi.

Uchimbaji wa hewa kwenye matumbawe yenye mapango hupoteza hewa, na vipande havipandi. Mchimbaji anaacha nafasi wazi. Msijaze kwa tabaka la juu yake. "Hakuna sampuli, toka 14 hadi 17" ni taarifa ya maana sana, huenda ndipo maji yanapopita. Uchimbaji wa matope nao unachelewesha vipande na kuvichanganya, mpaka wa tabaka unaweza kukosea mita moja au mbili. Kwa hiyo mbinu ya uchimbaji iandikwe.

Kukamata matabaka yanayolaliana:

`SELECT a.kisima_id, a.toka, a.hadi FROM tabaka a JOIN tabaka b ON a.kisima_id = b.kisima_id AND a.id <> b.id AND a.toka < b.hadi AND b.toka < a.hadi;`

Ikirudisha mstari wowote, rudini kwenye karatasi.

Karatasi za zamani zina futi na galoni. Futi ni mita 0.3048. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Kimarekani 3.785. Pampu ya galoni 1,000 kwa saa ni mita za ujazo 4.5 au 3.8 kutegemea galoni ipi. Karatasi za kabla ya 1964 dhana ya kwanza iwe ya Kiingereza, ila muandike kuwa ni dhana.

bamvua_na_maji_mafu

Ile "0" ya kimo cha maji: mara nyingi ni "hakikupimwa". Tupu, sifuri na "kikavu" ni vitu vitatu. Tupu ibaki tupu, na kikavu kiwe na safu yake ya ndiyo/hapana.

Lakini sifuri kubwa zaidi ni hii: kina kimepimwa kutoka wapi? Mdomo wa kesingi, sakafu ya zege, au ardhi? Kesingi ikitokeza sentimita 50 na mtu hakuandika, hesabu ya maji tamu inaharibika vibaya. Kanuni ya kisiwa inasema kila mita moja ya maji tamu juu ya usawa wa bahari inabeba karibu mita 40 chini yake. Kosa la nusu mita linakuwa kosa la mita 20 za unene wa maji tamu, na huko Paje au Makunduchi, ambako jiwe linavuja na maji yanachanganyika, huo unene wenyewe haufiki popote.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwinuko wa GPS ya mkononi usiingie kwenye hesabu hata kidogo. Unakosea mita tano, kumi. Tena chombo kimoja kinatoa urefu juu ya umbo la kihesabu la dunia, chengine juu ya usawa wa bahari, na kwetu hizo mbili zinatofautiana zaidi ya mita 20. Mdomo wa kisima upimwe kwa levo kutoka alama ya upimaji, na safu ya "mwinuko umepatikana vipi" iwe ya lazima.

Saa. Jamani, saa! Karatasi imeandikwa "saa 3". Mmoja ataingiza 03:00, mwengine 09:00. Kwa kisima cha bara si neno, kwa kisima cha pwani ni kila kitu. Bamvua zetu zinapanda na kushuka mita nne hivi, na visima vya uwandani karibu na bahari vinafuata. Fomu ya simu ichukue saa yenyewe. Za karatasi, "saa 3 asubuhi" iwe 09:00, na isiyosema asubuhi wala jioni ibaki bila saa. Msibahatishe.

Chumvi nayo: EC (upitishaji wa umeme wa maji) iandikwe kwa maikrosimensi kwa sentimita, pamoja na joto la maji, na kama mita imerekebisha kwa nyuzi 25. Bila ya marekebisho, kila nyuzi moja inabadilisha usomaji kama asilimia 2. Mtu akichanganya mili na maikro atapata kisima cha 0.8 au cha 800,000. Bahari yenyewe ni 50,000 hivi, chochote cha juu ya hapo kikataliwe.

mizani_ya_maji

Ahsanteni sana, tayari tumevipata visima tisa vya Arc 1960. Yamebaki mawili: VES, na vipi Chake waingize data bila ya intaneti. Hivi sasa wanatumia faili moja ya GeoPackage (kanzidata ya ramani ndani ya faili moja) kwenye folda ya mtandaoni.

kamba_na_risasi

Hiyo folda iacheni leo. GeoPackage ikiwa wazi, QGIS inaweka mabadiliko kwanza katika faili la pembeni lenye mwisho wa -wal. Folda ikinakili kubwa bila ya hilo dogo, kazi ya asubuhi yote inapotea kimya kimya. Wawili wakifungua kwa pamoja mtapata nakala mbili zinazogombana.

PostgreSQL na PostGIS (programu ya kanzidata na nyongeza yake ya ramani) viwe kwenye mashine moja Mjini, yenye betri ya akiba. Chake watumie QField (programu ya simu inayofungua miradi ya QGIS): mradi unafungashwa kwa QFieldSync, unahamia kwenye simu, kazi inafanyika bila ya mtandao, mtandao ukirudi wanapandisha. Ufunguo wa ndani wa kila mstari uwe UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia). Mkitumia namba za kufuatana, simu mbili zitaunda 181 mbili. Namba ya P- itolewe Mjini baada ya kupandisha.

Nakala rudufu kwa pg_dump kila usiku, moja ikae nje ya jengo. Na kila mwezi mmoja airudishe kwenye mashine nyengine aone kama inafunguka.

mwamba_mweupe

VES: hifadhini usomaji wenyewe, AB/2 na MN/2 (nusu ya umbali baina ya elektrodi za mkondo, na baina ya za volti), mkondo, volti, na aina ya mpangilio, Schlumberger au Wenner. Mchoro wa matabaka uwe jedwali jengine lenye jina la programu na tarehe. Mkunjo mmoja unakubali majibu mengi, na kwetu kinamo kilicholowa na jiwe lenye maji ya chumvi yote yanasoma chini, ohmu-mita chache tu. Aliyefasiri bila ya kisima jirani aandikwe hivyo. Koodineti iwe ya katikati ya mstari, na uelekeo wake kwa nyuzi.

Za kuwapa watu wa nje, tengenezeni mwonekano (view ya kanzidata) usio na jina la mwenye kisima wala simu yake, kisha mtoe CSV ya UTF-8, nukta kwa desimali. Ifuatane na faili ndogo ya maandishi: EPSG ipi, kina kutoka wapi, saa za mtindo gani, tupu maana yake nini, na tarehe ya kutolewa. Wakifungulia Excel, waambieni waingize toka na hadi kama namba, wasibofye faili mara mbili.