Natafuta wenzangu wa kupanda mlima wakati wa theluji

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Natafuta watu wa kupanda nao mlima mwezi wa pili, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Njia ni kilomita 14 jumla, na kutoka maegesho hadi kileleni ni mita 900 za kupanda. Hakuna sehemu ya kamba. Nani yupo? Na asiyewahi kukanyaga theluji ya mlimani anaweza kuja?

———

Marahaba. Ukiliacha tangazo hivyo litakuletea watu kumi na tano, nusu hawatatokea, na waliotokea kila mmoja atakuwa na mwendo wake. Pata watu kwanza, mlima utafuata.

Wanne wanatosha. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kuita msaada pamoja. Mkizidi sita, kila dakika mnasimama: huyu anafunga kamba za buti, yule anatafuta glovu, na wanaosubiri wanapoa. Wakati wa baridi kusimama ndiko kunakoumiza.

Usimuulize mtu kama ana uzoefu, maana kila mtu atasema anao. Uliza mara ya mwisho alipanda mita ngapi na kwa saa ngapi. Uliza buti zake zikoje. Halafu uliza hili: tukikubaliana kugeuka saa fulani, utageuka hata kilele kikiwa kinaonekana? Akianza kujiumauma, mshukuru na muache. Wiki mbili kabla, tembeeni pamoja kwenye kilima cha karibu, kila mtu na mzigo wake kamili. Hapo utajua mengi kuliko ujumbe hamsini wa simu. Mgeni wa theluji akiumudu mwendo huo, aje, ila awe mmoja tu kati ya wanne.

Sasa muda. Kanuni ya Naismith, yule Mskoti aliyeitoa mwaka 1892, ni saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yako inatoka saa 2 na dakika 48, jumlisha saa 1 na nusu: karibu saa 4 na dakika 20, bila kupumzika. Hiyo ni ardhi kavu. Theluji ikifika kwenye kifundo cha mguu mimi huzidisha mara moja na nusu. Ikifika gotini, mara mbili au zaidi, na mtapokezana kukata njia mbele. Basi shika saa 6 na nusu, na saa moja ya mapumziko: saa 7 na nusu.

Hesabu kurudi nyuma kuanzia machweo. Jua likizama saa kumi na moja na nusu jioni, muwe maegeshoni saa kumi na nusu. Kushuka tengeni saa tatu, kwa hiyo saa ya kugeuka ni saa saba na nusu mchana, hata kama zimebaki mita mia. Ili ifike hivyo lazima muanze kabla ya saa tatu asubuhi. Anzeni saa mbili mpate akiba. Mkianza saa nne, mtafika maegeshoni jua likizama, na mkichelewa kidogo tu mtashuka gizani.

———

Naongeza la mavazi, kwa sababu ndilo linalorudisha watu wengi njiani.

Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka takriban digrii 6. Upepo ndio unaomaliza: nyuzi -10 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama -21. Pamba isiwepo mwilini, hata nguo ya ndani, na jinzi ibaki nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki. Vaa fulana ya sufu au ya nyuzi za plastiki, juu yake sweta jepesi, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Koti nene liwe juu kabisa ndani ya begi, na ulivae mara mnaposimama, usingoje kutetemeka. Kama maegeshoni unajisikia vizuri, umevaa nguo nyingi mno. Baada ya dakika kumi utakuwa umelowa.

Glovu jozi tatu: nyembamba za kushikia zipu na simu, nene ambazo vidole vinne hukaa pamoja, na za akiba. Za akiba si anasa. Glovu ikiwekwa juu ya theluji "kidogo tu" hupeperushwa, na mkono uliokufa ganzi haufungi hata kifungo. Zifunge kwa uzi kwenye kifundo cha mkono.

Buti: soksi mbili ndani ya buti ya kiangazi ni kosa la kila mwaka. Mguu unabanwa, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi mapema zaidi. Vidole lazima vichezecheze. Minyororo yenye meno, ya kuvalisha chini ya buti, inatosha kwenye njia iliyokanyagwa. Kwenye mteremko mkali wa barafu unahitaji kramponi (fremu ya meno marefu ya chuma inayofungwa chini ya buti) na shoka la barafu, na kramponi hutoka kwenye buti laini.

Mpira wa kunywea maji kutoka begini huganda kabla ya yote. Beba chupa ya mdomo mpana, iviringishe kwenye soksi na uigeuze kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo unabaki wazi. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Taa ya kichwa kila mtu yake.

———

Mmesahau maporomoko ya theluji. Mengi huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya mwinuko kila mita 20, mistari ikikaribiana chini ya milimita 1.4, hapo pamezidi digrii 30. Angalieni na mteremko ulio juu ya njia. Anayepita bondeni naye hufukiwa.

Taarifa ya hatari Ulaya ina ngazi 1 hadi 5. Watu huisoma 3 kama "wastani", nayo ni hatari kubwa kweli. Theluji mpya iliyosombwa na upepo, nyufa zinazokimbia mbele ya mguu, mlio mzito wa kudidimia chini yako: geuka. Kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa (457 kHz), fito ya kuchomea theluji na koleo husaidia iwapo kila mtu anavyo na amefanya mazoezi, kwa kuwa baada ya dakika kumi au kumi na tano nafasi ya kumtoa mtu akiwa hai huporomoka. Kundi jipya lisilo navyo lichague njia isiyo na mteremko wa digrii 30, basi.

Ishara ya dharura: filimbi au taa mara sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni mara tatu. Simu Ulaya ni 112. Mtu wa nyumbani awe na ramani ya njia, idadi yenu, na saa ya kupiga simu msiporudi.

———

Asanteni sana. Tangazo jipya: watu watatu, kutoka saa mbili kamili asubuhi, kugeuka saa saba na nusu. Njia nimeibadilisha, sasa inapita mgongo wa mlima ulio chini zaidi, mita 600 za kupanda, hakuna digrii 30. Taarifa ya hatari ikiwa 3, hatuendi. Uamuzi Ijumaa jioni baada ya utabiri. Anayetaka anijibu kwa faragha: mita, saa, na aina ya buti.