Pishi mbili kambini: naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kambi yetu ya karafuu huku Wete, Pemba, wachumaji wanalipwa kwa pishi, kopo la kupimia karafuu. Wenyeji wanapimiwa mfuto, ubao unapitishwa mdomoni mwa kopo. Dada wawili waliotoka bara wanapimiwa kwa kilele, kopo likijazwa mpaka kupita mdomo, eti karafuu zao zina makonyo (vijiti vya karafuu) mengi. Nimezichambua mbele ya watu: makonyo ni yale yale. Vilele vya siku nzima vinawala pishi nzima, na hilo ni jasho lao. Msimamizi kanijibu nisitetee wageni. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, ni shemeji yake.

Je, nidai ubao mmoja kwa wote mbele ya mwenye shamba, au nianze na wazee wa mji? Na nifanyeje wasije wakafukuzwa kambini kwa ajili yangu?