"BREKI NI NZIMA, WEWE NDIYE UNAYEWAHI" – yule fundi wa tona (mchonga vyuma kwa mashine) leo amenimaliza

Kiraka_Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Yule bwana. Mnamjua. Jina silitaji maana mara ya mwisho nilipotaja mtu humu nilifungiwa wiki mbili, ila nikisema "fundi wa tona mwenye penseli sikioni ambayo haijawahi kugusa karatasi" hakuna atakayeuliza ni nani. Huyo huyo.

Saa moja iliyopita nimesimama mbele yake, goti linavuja damu, shuka la maua la watu limenizunguka shingoni, akanitazama juu mpaka chini, akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema: "Breki ni nzima. Wewe ndiye unayewahi."

Someni tena. NINAYEWAHI. Kwenda wapi?

Nawapa historia haraka kabla hamjaanza "lete picha kamili mkuu". Pikipiki yangu mbele ilikuwa na shokapu nyembamba kama fimbo za mwavuli na breki ya ngoma ambayo ukiminya leo inashika kesho. Nikajichanga, nikapata shokapu za kichwa chini za pikipiki kubwa, mtumba lakini safi, na gurudumu lake na diski zake mbili. Kalipa, zile zinazobana diski, zikatoka pikipiki nyingine, za pistoni nne. Sasa shokapu za zamani zilikuwa na unene wa milimita 31, hizi pale zinaposhikwa ni 50, kwa hiyo lazima uchonge T ya juu na T ya chini (vile vyuma viwili vinavyoshika shokapu kwenye usukani), shina la usukani na bushi za ekseli. Halafu matundu ya kalipa ni milimita 100 katikati kwa katikati, ya kwenye shokapu ni 108. Hapo unahitaji kishikio cha kuunganisha. Kazi ya mtu mwenye vipimo. Nikampelekea YEYE. Najua. Msiniambie.

Siku ya kwanza nikamwuliza kwa adabu kabisa, fundi, una kalipa ya kupimia? Akanyoosha kidole kwenye kalipa zangu za breki: "Si hizi hapa, tena mbili?" Mtu mwenye akili angebeba vyuma vyake akaondoka. Mimi nilicheka. Nilidhani ni utani.

Amekaa na vyuma vyangu hadi buibui wakazaa, wakalea, wakaozesha. Leo ananipigia simu, njoo imekwisha. Kweli kwa macho inavutia, sitasema uongo, inang'aa mbele kama ya mashindano. Nikawasha, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nikaminya breki. Leva ikaenda laini, laini, laini, kama unaminya sponji ya kuoshea vyombo, mpaka ikabusu gripu. Pikipiki haikuwa na habari. Kuku akanipisha kwa heshima zote. Nikaingia kwenye kamba ya nguo za jirani yake, nikatokea upande wa pili nimevaa shuka.

Narudi nasukuma pikipiki, nadhani mtu atasema pole. Pole tu! Akasema ninawahi.

Yaani breki iko njiani inakuja, mimi ndiye sina subira.

---

Tairi_Kipara

Hahahahaha "unawahi". Picha za shokapu tumeziona mkuu. Za shuka ziko wapi?

---

Mama_Spana

Huyo ni yeye, wala sihitaji picha. Mimi alinichongea bushi za ekseli, moja ndefu moja fupi. Nikamwambia gurudumu limekaa upande, tofauti ni milimita mbili nzima. Akanijibu, "Dada, unapoendesha egemea kidogo kulia." Nimeegemea miezi minne. Sasa hivi hata kwenye kiti cha kawaida nimekaa upande.

---

Nati_ya_Kumi

Mtu mzima unafungiwa breki mpya halafu unaenda kuijaribia kwenye mteremko wenye kamba ya nguo. Hapa fundi ana makosa 50, wewe 50, kuku sifuri.

---

Kiraka_Mkavu

@Nati_ya_Kumi haukuwa mteremko. Ulikuwa mwinamo. Na hata ungekuwa mteremko, breki si ndipo zinapohitajika? Au nizijaribie nikiwa nimeegesha?

---

Mzee_wa_Gia

Nati anasema kweli kwa sehemu. Breki mpya unaanza kuiminya pikipiki imesimama. Leva ikifika kwenye gripu, hupandi. Basi.

Halafu nimekuza picha yako ya pili. Tazama nipo za kutolea hewa kwenye kalipa. Zinaangalia ardhini. Huyo bwana kalipa ya kushoto ameifunga kulia na ya kulia ameiweka kushoto, na vishikio akavichonga kufuata kosa lake. Hewa hupanda juu, haishuki. Nipo ikiwa chini, unaweza kutoa hewa mpaka mwaka uishe, yatatoka mafuta matupu na povu litabaki limekaa juu kwenye kona ya kalipa. Ukiminya, unaminya povu. Ndiyo sponji yako hiyo.

---

Kiraka_Mkavu

Mzee shikamoo. Nashukuru, lakini hoja yangu si hewa. Hoja ni NINAWAHI. Mtu anawezaje kumtazama mwenzake anayevuja damu akasema anawahi?

---

Mzee_wa_Gia

Marahaba. Unavuja damu kwa sababu ya hewa, mwanangu.

Fungua kalipa zote mbili, badilisha upande, uone kama vishikio vinakubali. Havitakubali, ila jaribu. Wakati unasubiri vishikio vipya unaweza kuitoa kalipa, ukaweka kibao cha mbao chenye unene wa diski katikati ya pedi ili pistoni zisiruke nje, ukainyanyua mpaka nipo itazame juu, ukatoa hewa hapo, ukairudisha. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Si ya kuishi nayo. Na zile washa (pete) za shaba pale boliti ya bomba inapoingia kwenye kalipa, weka mpya. Najua ameweka za zamani.

---

Chuma_Chakavu

Mimi hewa hainitishi, hewa inatoka. Nauliza zile T. Kachonga kwa alumini gani?

---

Kiraka_Mkavu

Alisema ni alumini ya ndege.

---

Tairi_Kipara

Ndege yupi, njiwa?

---

Mama_Spana

😂😂 Njiwa wa shingo nyembamba. Nimemwaga chai kwenye simu.

---

Chuma_Chakavu

Cheka cheka hivyo hivyo. "Alumini ya ndege" si jina la alumini. Uliza namba. 6061-T6 inaanza kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 275 hivi, 7075-T6 inakwenda hadi 500. Zote zinafaa kwa T ukichonga kwa unene wake. Ninachokiona kwenye picha ya nne, chini ya T ya chini, ni mstari wa kuchomelea. 7075 haichomelewi kwa njia hizi za kawaida, inapata nyufa. Na 6061 ukiichomelea, pembeni ya ule mstari ugumu wote wa T6 unapotea, inarudi kuwa laini. Ama ni ya kwanza imepasuka, ama ni ya pili imelegea. Kwa hiyo wewe usiwahi popote.

---

Kiraka_Mkavu

@Chuma_Chakavu na wewe umeanza "usiwahi"????

---

Gia_Tano_Mwendo_Mmoja

Uongo. Mimi T yangu imechomelewa na naruka nayo matuta mwaka wa tatu.

---

Chuma_Chakavu

Sawa. Tuachie nywila yako, tutakuja kuandika hapa siku ya arubaini.

---

Gia_Tano_Mwendo_Mmoja

Watu wa kusoma vitabu mna shida. Chuma ni chuma.

---

Chuma_Chakavu

Ni alumini.

---

Nati_ya_Kumi

@Kiraka swali moja la heshima. Hizo shokapu mpya ni fupi kuliko za zamani? Naona pua imeinama kama inanusa kitu.

---

Kiraka_Mkavu

Fupi kwa sentimita tano. Nilimwambia. Nikamwambia fundi, usukani umekuwa mwepesi mno, unataka kunitoka mkononi. Akasema, "Vizuri, itakuwa inakwepa mashimo yenyewe." Lakini hiyo nilimsamehe! Mniamini, hiyo nilimsamehe. Ningemsamehe na bushi, na T, na buibui. Ila kunitazama na shuka shingoni aseme ninawahi

---

Mzee_wa_Gia

Sentimita tano si mchezo. Kila milimita 25 hivi za kushuka mbele ni kama digrii moja imetoka kwenye mlalo wa usukani, na ule mburuto wa gurudumu unaolifanya linyooke lenyewe unapungua. Ndiyo maana inatikisa kichwa. Na kabla hujaendesha tena, toa springi ndani ya shokapu zote mbili, ishushe mbele mpaka mwisho kabisa, halafu angalia tairi halijagusa T ya chini wala bomba la moshi. Zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, angalia shokapu hazigongi tangi. Zile za kichwa chini ni nene juu, huwa zinagonga.

---

Kiraka_Mkavu

Mzee… zinagonga tangi. Kuna kishimo kila upande. Nilipomwonyesha alisema tangi lilikuja hivyo.

---

Tairi_Kipara

Tangi nalo liliwahi 😂

---

Mama_Spana

Tukiwa kwenye tangi, jamani, mimi nina kilio changu. Kuna yule mpaka rangi, mnamjua, wa kofia ya sufi hata jua likiwa utosini. Nimempelekea tangi apake. Akamaliza, zuri ajabu, unajiona sura. Mwanafunzi wake akaweka juu yake kopo la mafuta ya breki lisilo na kifuniko. Likapinduka. Wanaojua wanajua, DOT 4 ikikaa juu ya rangi dakika chache inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nikafika napiga kelele. Akasugua kidole pale, akasema, "Dada, hii sasa ni ya kipekee."

---

Nati_ya_Kumi

Wa kofia ya sufi! Huyo amenipakia rangi mpaka juu ya kioo cha spidomita. Nikilalamika anasema kwani unakwenda mbio?

---

Gia_Tano_Mwendo_Mmoja

Wote hao wana nafuu. Hamjakutana na fundi wa siti mwenye cherehani ya bluu.

---

Kiraka_Mkavu

Jamani turudi kwenye mada. Breki.

---

Mama_Spana

@Gia_Tano ewaaa, huyo wa cherehani ya bluu! Alinishonea siti, mshono ukakaa katikati kabisa, pale pale. Kila tuta nasema maneno ambayo mama yangu hajanifundisha.

---

Tairi_Kipara

Mimi aliniwekea sponji ya godoro la mtoto. Mvua ikinyesha leo, nakaa kwenye maji mpaka keshokutwa.

---

Chuma_Chakavu

Sponji inatakiwa iwe ya seli zilizofungwa, hiyo hainywi maji. Ya godoro ni ya seli wazi.

---

Nati_ya_Kumi

Huyu naye kila uzi ana somo.

---

Kiraka_Mkavu

Mada ni breki wakuu. BREKI. Mtu ameniambia nina

---

Kiraka_Mkavu

Samahani, nimebonyeza kabla sijamaliza.

---

Tairi_Kipara

Umewahi.

---

Gia_Tano_Mwendo_Mmoja

Hahahahaha nimekufa. Haya, mimi wa cherehani ya bluu nilimpa siti ndefu ya watu wawili, akanirudishia ya mtu mmoja na nusu. Namwuliza kipande kingine kiko wapi, ananiambia abiria wako ni mwembamba, nimemwona.

---

Kiraka_Mkavu

Subirini kwanza. Wa cherehani ya bluu, yule anayeshika pini mdomoni wakati anaongea?

---

Mama_Spana

Huyo huyo.

---

Kiraka_Mkavu

Ndiye aliyenishonea siti yangu mwaka jana! Nilirudi kwake nimesimama kwa miguu, siwezi kukaa, nikamwambia siti ngumu kama ubao. Akaibonyeza kwa kidole kimoja. Akatoa pini mdomoni, moja moja. Akaniambia, "Siti ni laini. Ni wewe uliyekonda."

Ngoja ninywe maji nifungue uzi wake.