Fluent Bit: intaneti ikikatika logi zinapotea, halafu saa zinasoma mbele masaa matatu

fundi_mwanga
Habarini wakuu. Niko Kigoma mjini, nahudumia seva moja ya ofisi ya mizigo karibu na bandari, wanaandikisha mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura, kila risiti ikitoka programu inaandika mstari mmoja kwenye faili la logi. Mwaka jana diski ilikufa tukapoteza logi za miezi kadhaa na ndo ilikuwa ushahidi wetu mteja akisema mzigo wake haukuandikwa, kwahiyo bosi akakubali tulipie huduma ya kuhifadhi logi mtandaoni, nami nikaweka Fluent Bit isome faili na kutuma huko.

Intaneti ikitulia zinaenda vizuri tu. Shida inakuja mtandao ukikata hata nusu saa, ukirudi kile kipande cha katikati hakipo kabisa kwenye huduma, wakati kwenye faili mistari ipo nimeiona kwa macho. Umeme ukizima ghafla ni hivyo hivyo. Na jingine, risiti ya saa nane mchana kule inasomeka saa kumi na moja jioni, nikichuja "saa moja iliyopita" naona patupu. Inputi yangu (sehemu ya kusoma) ni tail, inayofuata mistari mipya ya faili, na Path na Parser (kanuni ya kuchambua mstari) basi, autiputi (sehemu ya kutuma) ni http yenye Host, Port 443, tls On (usimbaji wa mawasiliano) na ufunguo wa huduma kwenye heda. Nakosea wapi?

asali_tbr
Mwangaluka kaka, salamu toka Tabora. Kwanza angalia ujumbe wa Fluent Bit yenyewe, `journalctl -u fluent-bit`, tafuta maneno "cannot be retried". Ukiyakuta ndo jibu. Fluent Bit usipoiambia kitu inajaribu kutuma tena mara moja tu, ikishindwa inakitupa kile kifurushi inaendelea na kingine. Kwa mtandao wetu huu mara moja ni nini sasa! Weka Retry_Limit False kwenye autiputi, hapo haikati tamaa.

Ila usiishie hapo maana bado kila kitu kinakaa kwenye memori, umeme ukizima kimeondoka. Wengi wanakimbilia kuweka DB (faili dogo la kumbukumbu) kwenye tail wakidhani wamemaliza, na DB ni lazima kweli, bila hiyo ukiristati inaanza kusoma mwisho wa faili na kuruka yaliyoandikwa ikiwa imelala. Lakini DB inakumbuka imesoma mpaka wapi, haikumbuki imetuma mpaka wapi. Mstari ukishasomwa ukawa kwenye memori na umeme ukakata, ikiwaka DB inasema huo nilishausoma, haurudii tena. Kwahiyo bafa, yaani foleni ya vinavyosubiri kutumwa, iwe kwenye diski:

```
[SERVICE]
    storage.path  /var/lib/fluent-bit/bafa

[INPUT]
    Name          tail
    Path          /var/log/mizigo/*.log
    Parser        mizigo
    DB            /var/lib/fluent-bit/alama.db
    storage.type  filesystem

[OUTPUT]
    Name          http
    Match         *
    Retry_Limit   False
    storage.total_limit_size  500M
```

Host, Port, tls na heda zako ziache kama zilivyo. Hiyo 500M ni ili bafa lisijaze diski mtandao ukipotea siku tatu, likifika hapo linatupa vya zamani kwanza, ongeza kama diski ina nafasi.

mama_seva
Asali kamaliza habari ya kupotea, mi niongelee saa. Programu yenu inaandika saa ya hapa bila kusema ni ya hapa, Fluent Bit inaichukua kama UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu), huduma inapokuonyesha inaongeza masaa matatu yetu juu yake. Kwenye parser chini ya Time_Format weka `Time_Offset +0300`. Usihangaike kubadili saa ya seva nzima, utaharibu risiti.

Halafu mdogo wangu, umeme ukikatika sana kagua betri ile ndogo ya kwenye ubao wa seva. Ikifa mashine inawaka na tarehe ya miaka ya nyuma na tls inagoma kwasababu cheti kinaonekana bado hakijaanza kutumika, utalaumu intaneti siku nzima. Mimi ilinikuta Kasulu, betri tu.

Na mizigo ina majina na namba za simu za watu. Kutuma logi ni sawa, ila namba ya mteja inaenda nje ya nchi kufanya nini? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo wale watu wametuamini. Weka filta ya record_modifier yenye Remove_key, ondoa simu na jina, baki na namba ya risiti, inatosha kufuatilia.

fundi_mwanga
Asanteni sana, dada na kaka. "Cannot be retried" zilikuwa zimejaa nimesikia uchungu kuziona. Nimeweka yote, nikachomoa waya wa mtandao saa tatu asubuhi mpaka saa tano, katikati nikazima seva kwenye soketi kabisa. Nimerudisha waya, kimya, dakika kumi, ishirini, nikaanza kukata tamaa halafu zikaanza kuingia zote na saa zake sahihi. Nimehesabu mistari kwenye faili na kule, zimelingana. Simu nimeziondoa. Ila mbona zilichelewa hivyo?

asali_tbr
Kila ikishindwa inaongeza muda wa kusubiri, inaweza kufika sekunde 2000, kama dakika 33. Kwenye SERVICE weka `scheduler.cap 60`, haitavuka dakika moja. Usipoweka hazipotei, ila mtandao ukirudi utasubiri.

fundi_mwanga
Nimeweka, nachomoa waya tena sasa hivi.