Lambalamba za rangi tatu zinachanganyika na kipaimara ni Jumapili, naombeni msaada

mtoto_wa_rau
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Niko Moshi. Jumapili hii mdogo wake mume wangu anapata kipaimara, na lambalamba za watoto nimezibeba mimi. Nimeahidi 120. Chini embe, katikati parachichi na maziwa, juu tikiti maji, mtoto akiishika aone njano, kijani na nyekundu. Kwenye kikao cha familia niliulizwa mara mbili kama nitaweza, nikasema niachieni.

Shida ni kwamba rangi hazikai. Namimina embe kwenye kikombe cha plastiki, nasubiri saa nzima, namimina parachichi, linazama lote. Naishia na kitu cha rangi ya udongo. Ndugu wameshapanda kutoka Dar, mawifi wote wapo. Nakosea wapi?

Mangi Mstaafu
Wape soda maisha yaende. Sisi kipaimara chetu Kibosho mwaka 1989 tulikula mtori, ndizi nyama na kipande cha ndafu, hakuna aliyeuliza lambalamba. Baba alinipa shati la mikono mirefu ambalo nililivaa mpaka nikaanza ndevu. Sherehe za siku hizi mmezigeuza harusi.

Fundi Mafriji
Dada, kabla ya yote: friza ni ya aina gani, iko wapi, na inafunguliwa mara ngapi kwa siku?

mtoto_wa_rau
Friza ni nzima, ile kubwa ya kulala. Sidhani kama shida iko hapo. Nahisi ni embe, labda nimeweka maji mengi.

Mama Barafu Majengo
Mwanangu, nauza barafu za ubuyu na ukwaju mwaka wa 11 huu, nikuambie ninayoyajua. Juisi isimiminwe ikiwa ya moto wa jikoni wala ya joto la mezani. Zote tatu zikae kwenye friji kwanza zipoe, maana ya uvuguvugu inaliyeyusha tabaka la chini. Usihesabu saa, gusa kwa kidole. Embe likisukuma kidole ndipo umimine la pili, na umimine juu ya mgongo wa kijiko, taratibu, lisianguke kwa kishindo. Kijiti kinaingia tabaka la kwanza likiwa limeshika nusu, hapo kinasimama chenyewe.

Sukari uwe nayo makini. Ikizidi haigandi vizuri, inabaki tope. Na rojo yenye sukari nyingi ni nzito, ukiiweka juu ya nyepesi lazima izame. Parachichi likamulie ndimu, bila hivyo linakuwa jeusi, na huo udongo wako nusu yake ni hilo. Juu acha nafasi ya kidole, maji yakiganda yanavimba.

Na tafadhali usitumie vijiti vya mishikaki. Vina ncha, na watoto wanakimbia navyo mdomoni.

Mwalimu wa Sekei
Mimi hofu yangu ni maji. Kwetu Arusha maji mengi yana floraidi kutoka ardhi ya mlima Meru, na kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua floraidi inabaki pale pale. Nimefundisha watoto wenye meno ya kahawia ambao hawakutaka kucheka darasani. Tikiti lina maji yake, saga tupu, usiongeze hata tone.

Fundi Mafriji
Mleta uzi umeniruka. Friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, embe la saa nzima linakuwa limeshaota ngozi. Lako linabaki uji, kwa hiyo kuna mtu anafungua mfuniko. Iko nyumbani kwako au haiko?

mtoto_wa_rau
Iko buchani.

Naombeni msinirukie. Kwangu nina friji dogo, kile kichumba cha juu kinaingia vikombe 9. Jirani yetu ana bucha, amenipa upande mmoja wa friza mpaka Jumapili na nimeshamlipa 15,000 ya umeme. Nyama ziko upande wake. Mimi nimetandika nailoni na kila kikombe nimekifunika kwa foili. Zipo 38 ndani tayari. Ningekuwa na friza yangu nisingekuja hapa.

Shangazi Himo
Yesu wangu. Damu ya ng'ombe na watoto wa kipaimara!

Fundi Mafriji
Basi jibu ndilo hilo. Wiki hii bucha inauza kuliko mwezi mzima, kila mteja mfuniko juu. Na ukijaza vikombe 38 vya majimaji kwa mpigo, friza yenyewe inapanda joto. Hapo hata Mama Barafu angeshindwa.

mtoto_wa_rau
Lakini foili nimezungushia mara mbili. Na yeye bucha lake ni safi, sisi wote tunanunua pale.

Mama Barafu Majengo
Usafi wake sibishani nao. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Mkono ule ule unaoshika utumbo ndio unasogeza vikombe vyako apate nafasi. Mtoto atakipeleka kijiti mdomoni.

Kijana wa Ngarenaro
Subirini kwanza. Mwezi wa tisa ID hii hii iliuliza bei ya tairi za Fuso, ikaandika "mimi kama baba wa watoto wawili". Leo ni mke wa mtu mwenye lambalamba za rangi tatu buchani. Hii ni chai, stori ya kutunga, na imekolea majani.

Shangazi Himo
Ee! Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwombea.

Mangi Mstaafu
Tairi ulipata wapi lakini? Nina Fuso imelala Kiboriloni tangu mwezi uliopita.

mtoto_wa_rau
Akaunti ni ya mume wangu. Simu yangu ilivunjika kioo, natumia yake usiku akilala. Tairi alipata, nitamuuliza. Mnaosema ni chai, natamani ingekuwa chai. Mama mkwe amepita leo kuuliza kama zimeanza kuganda, nikamwambia ndiyo.

Kijana wa Ngarenaro
Kama ni kweli nisamehe dada. Humu tumedanganywa sana.

Mama Barafu Majengo
Chai au si chai, Jumapili haisogei. Ninazo friza mbili, moja kesho jioni itakuwa tupu maana shule zimefungwa. Lete maembe, tunamimina wote, 40 kwa zamu, na umeme ukikatika hakuna kufungua. Njoo PM nikuelekeze. Hizo 38 usimpe mtoto wa mtu.

mtoto_wa_rau
Hata wakubwa?

Mama Barafu Majengo
Wakubwa hawana matumbo?

mtoto_wa_rau
Nimekuelewa mama, aika. Kesho nikitoka kazini napita Mbuyuni kuchukua maembe na ndimu. Zile 38 nimemwambia mwenye bucha azitoe. Ameuliza kama anaweza kula moja.